Mikutano na mafunzo ya afya kwa wote mjini Bukavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sisi ni wareko, yaani wahudumu wa afya wa kujitolea wa mitaani, na wanakamati wa afya kutoka kartie mbalimbali za Kadutu, Ibanda na Bagira, komini za Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kila tukipita na megafoni kutangaza mkutano au mafunzo, watu hutusimamisha njiani: nani anaruhusiwa, ni bei gani, tutapewa nini, na faida yake ni ipi? Tumeandika hapa majibu tunayowapa, kwa urefu ambao hatuupati tukiwa tumesimama mtelemkoni mvua ikinyesha. Kama una haraka, soma kwanza swali la huduma za bure. Hilo tungependa kila nyumba ilijue.

Mnaposema afya kwa wote kwa usawa, mna maana gani?

Mtoto wa Muhumba na mtoto wa Nyamugo wanaweza kuanza kuharisha siku moja, kwa mdudu yule yule. Wa Muhumba ana bomba ndani ya nyumba, gari mlangoni na mzazi mwenye namba ya daktari kwenye simu. Wa Nyamugo maji yake yamebebwa kwa bidoni, njia ya kufika barabarani ni ngazi za udongo, na mama yake anajiuliza: nikienda kituoni leo, kesho watoto watakula nini? Ugonjwa ni mmoja lakini hatari si moja. Tofauti hiyo haikutoka kwa Mungu wala haimo katika damu ya mtu. Imeletwa na maji, njia, pesa na habari, na hayo yote watu wanaweza kuyabadilisha.

Ndiyo maana hatuanzii penye ukumbi mzuri. Tunaanzia kwenye avenyu, mitaa midogo, ambako wagonjwa hufika kituoni wakiwa wamechelewa, na huko ndiko tunakorudi mara nyingi zaidi.

Ni mikutano gani inayofanyika, na ni lini?

Mingi ni midogo: mazungumzo ya saa moja katika kiwanja cha mtu, nyuma ya kanisa, au pale watu wanapongoja maji. Kuna pia kupita nyumba kwa nyumba, hasa kabla ya kampeni ya chanjo. Mikubwa hufuata siku zinazojulikana duniani: 24 Machi kwa kifua kikuu, 7 Aprili siku ya afya, 25 Aprili kwa malaria, juma la kwanza la Agosti kwa kunyonyesha, 10 Oktoba kwa afya ya akili, 1 Desemba kwa UKIMWI, 3 Desemba kwa watu wenye ulemavu. Siku hizo kuna hotuba na nyimbo, na mara nyingine vipimo vya bure. Vipimo ndivyo tunavyovipigania, kwa sababu hotuba pekee haijawahi kumpima mtu presha.

Saa tunapanga na wenyeji. Mama anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, soko la Kadutu hawezi kuja saa nne asubuhi. Mkutano ukiwekwa saa hiyo, watakaokuja ni wale wasio na haraka ya kutafuta chakula cha jioni, nao mara nyingi ndio wasiohitaji sana mkutano huo. Kwa hiyo tunapendelea alasiri, soko likianza kupungua, au Jumapili baada ya misa na ibada. Kwa ndugu zetu Waislamu, Ijumaa baada ya swala inafaa. Tangazo hupita kwa chefu wa avenyu, kanisani, msikitini na kwenye redio za mjini.

Nilipe kiasi gani?

Hakuna malipo. Si dola moja, si faranga mia tano ya karatasi.

Kuna watu wanaozunguka wakiandikisha vijana kwa ajili ya "mafunzo ya ONG", yaani ya mashirika yasiyo ya serikali, na kuomba pesa ya fomu, pesa ya beji, kisha pesa ya picha. Ukiombwa pesa ili uandikishwe kwenye mafunzo ya afya ya jamii, usitoe. Nenda ofisi ya zoni ya afya, au kwa muuguzi mkuu wa kituo chako, yule tunayemwita IT, uulize kama mafunzo hayo yanajulikana. Mafunzo ya kweli hayafanyiki katika eneo la afya bila IT kuwa na habari.

Je, mnatoa perdiem, yaani posho ya siku?

Swali hili linaulizwa kwa sauti ya chini, lakini ni swali la haki na tunalijibu kwa sauti.

Kwa mazungumzo ya saa moja kwenye avenyu yako mwenyewe, hapana. Tumeona ilivyokwenda miaka ya miradi mingi: watu walizoea bahasha, mradi ukafungwa, na mkutano nao ukafa siku hiyo hiyo. Avenyu ilibaki na karatasi ukutani tu. Hatutaki kurudi huko.

Kwa mafunzo ya siku nzima ni mambo mengine. Mtu anayeishi kwa kazi ya kila siku, yule wa kubeba mizigo, wa kufua nguo, wa kuuza makala (makaa) kwa rundo, akikaa darasani tangu asubuhi hadi jioni nyumba yake inalala njaa. Ukimwambia aje kwa moyo wa kujitolea, umemfungia mlango kwa maneno matamu. Atakayekuja ni mtoto wa mwenye nyumba, na kesho yake utashangaa kwa nini wareko wote wanatoka katika nyumba za bati jipya. Kwa hiyo kila mfadhili anayekuja kwetu tunamwambia mapema: nauli kwa wanaotoka mbali, kwa mfano Bagira hadi Panzi, chakula cha mchana, na mahali pa kuweka watoto wadogo. Mfadhili akikataa hayo matatu, tunamwomba agawe mafunzo katika nusu siku nusu siku, karibu na makazi ya watu.

Na wareko wenyewe? Wanajitolea, na wengi wamejitolea kwa miaka. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema kwamba wahudumu wa afya wa jamii walipwe kulingana na kazi na muda wao. Tunakubaliana nalo kabisa, na tunalisema kila tukikaa na wakubwa.

Mimi sikusoma sana. Naweza kuja? Na Kifaransa?

Njoo. Tunazungumza Kiswahili cha hapa hapa, na kwenye avenyu nyingi kuna mtu wa kutafsiri kwa Kimashi kwa ajili ya wazee na kwa waliohamia mjini majuzi kutoka Kabare au Walungu. Wanaokuja kutoka Shabunda na kuzungumza Kirega tunawatafutia mwenzao. Mafunzo mengi ni ya kuona na kufanya kwa mikono. Kuandika kunahitajika tu kwa yule atakayeshika rejista.

Naweza kuwa reko? Inakuwaje?

Reko hajiteui, wala hateuliwi na ONG. Anachaguliwa na watu wa avenyu yake, anaishi nao, na anajulikana kwamba siri ya mtu haitoki mdomoni mwake. Sifa hii ya mwisho ndiyo tunayoiuliza kwanza. Mtu anaweza kufundishwa dalili za malaria kwa siku moja, lakini kumfundisha mtu mzima kunyamaza ni kazi ngumu sana.

Ni vizuri ujue unaingia wapi. Wareko wa mitaa michache wanakaa pamoja katika kikundi cha uhamasishaji, kile kinachoitwa CAC. Juu yake kuna kamati ya eneo la afya, CODESA, inayokaa na IT wa kituo. Maeneo kadhaa ya afya yanafanya zoni moja ya afya, yenye mganga mkuu wake na hospitali kuu ya rufaa. Nchi nzima ina zoni 519. Mjini kwetu kuna za Ibanda, Kadutu na Bagira. Mpango huu una mizizi yake hapa hapa Kongo: miaka ya 1970, huko Kasongo, Maniema, watu walijaribu kuunganisha vituo vidogo na hospitali moja ya rufaa kwa ajili ya wakazi wa eneo lile. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ukaitaka dunia nzima iweke mbele afya ya msingi na kuwashirikisha wananchi, na miaka ya 1980 nchi yetu ikagawanywa katika zoni za afya. Kwa hiyo mwananchi kukaa katika kamati na kuuliza maswali si hisani anayofanyiwa na mtu. Ndivyo mfumo wenyewe ulivyojengwa.

Kuna wareko wa uhamasishaji, wanaopita nyumbani, na kuna wa vituo vidogo vya jamii, sehemu zilizo mbali na kituo cha afya, ambao wanafundishwa kutibu malaria, kuhara na nimonia ya kawaida kwa watoto wenye umri wa miezi 2 hadi 59 na kumtuma haraka mtoto mwenye dalili za hatari. Hawa wa pili lazima wajue kusoma na kuandika. Mafunzo yao ni marefu zaidi, na baadaye wanafuatiliwa na IT.

Yale mafunzo ya mama kupima mkono wa mtoto ni ya nini?

Tukiambiwa tuchague somo moja tu la kupeleka kila nyumba, tungechagua hili.

Kuna utepe wenye rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Unazungushwa kwenye mkono wa kushoto wa mtoto mwenye umri wa miezi 6 hadi 59, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya milimita 115 ni nyekundu: utapiamlo mkali. Kati ya 115 na 125 ni njano. Kuanzia 125 kwenda juu ni kijani. Mama hahitaji kusoma namba, rangi inatosha.

Mara ya kwanza karibu kila mtu anakosea jambo lile lile, anavuta sana. Katika mafunzo ya Cimpunda msichana mmoja, mama wa mtoto wa kwanza, alivuta utepe mpaka ngozi ikakunjamana na rangi ikawa nyekundu, akaanza kulia. Bibi aliyekaa karibu yake alimshika mkono, akalegeza utepe polepole mpaka ukagusa ngozi bila kuibana, akaunyoosha mkono wa mtoto uning'inie. Ilikuwa kijani. Baada ya hapo bibi yule ndiye aliyewafundisha wengine, na sisi tukakaa kimya.

Kuna kipimo cha pili, cha vidole gumba. Bonyeza upande wa juu wa miguu yote miwili, si chini kwenye nyayo, kwa sekunde tatu, kisha ondoa. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, mtoto amevimba kwa utapiamlo. Mpeleke kituoni siku hiyo hata kama utepe ni kijani. Wengi huku kwetu wanaona mtoto aliyevimba wanasema amenenepa, au amerogwa. Hakunenepa na hakurogwa. Ana njaa ya vyakula vya kujenga mwili.

Utepe ukiwa mwekundu nenda kituoni. Chakula cha tiba katika mpango wa utapiamlo kinatolewa bure. Ukiwa njano, nenda pia, na upange chakula upya nyumbani. Siku hiyo tunapika pamoja: uji wa sosoma, yaani mahindi, mtama na soya, kisha sambaza zilizokaushwa na kusagwa zikachanganywa na bugali laini na lengalenga. Sambaza kidogo ya soko la jioni, ile ya bei ya chini, ina nguvu kwa mtoto kuliko soda na biskuti za pesa hiyo hiyo.

Na kuhara? Kipindupindu?

Kipindupindu hakijawahi kutuacha kabisa sisi watu wa kando ya ziwa Kivu. Katika somo hili kila mtu anatengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mikono yake. Ukiwa na pakiti ya SRO, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, soma kwanza juu yake kiasi cha maji, kwa kawaida lita moja, yaani chupa mbili za nusu lita. Usipokuwa nayo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari. Mpe mtoto kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika kumi kisha endelea, na maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Vidonge vya zinki vinafuata, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Mama anayenyonyesha asiache.

Kama choo ni kama maji yaliyooshewa mchele, kama macho yameingia ndani, kama mtu hana nguvu za kukaa, usingoje asubuhi. Kipindupindu kinaweza kumwua mtu mzima kwa saa chache.

Ukimkuta mtu kando ya ziwa au kwenye kisima na bomba la sindano akitia klorini ndani ya bidoni, mpe yako. Kisha ngoja nusu saa kabla ya kunywa. Si sumu. Tumeulizwa mara nyingi kama ni dawa ya kuzuia uzazi. Si hivyo, kazi yake ni kuua vijidudu vilivyomo ndani ya maji.

Ni huduma gani ambazo hatupaswi kulipa?

Chanjo za kawaida za watoto ni bure: anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, na kuanzia miezi 9. Usiache kuleta fishi ya mtoto, kadi yake ya chanjo, na ikipotea njoo hivyo hivyo.

Kifua kikuu: kipimo cha makohozi na dawa ni bure. Kila anayekohoa wiki mbili au zaidi akapimwe. Dawa za kifua kikuu cha kawaida ni za miezi sita, na anayeziacha mwezi wa pili kwa sababu anajisikia vizuri anaweza kurudi na kifua kikuu kisichosikia dawa.

Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI ni bure. Chandarua chenye dawa kinatolewa bure kwa mama mjamzito anapokuja kupimwa mimba, pale kilipo. Kikiwa kimekwisha, uliza tarehe ya kurudi.

Kuhusu kujifungua: mpango wa serikali wa kujifungua bure ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023, ukaanza kupelekwa mikoani hatua kwa hatua. Unahusu kupimwa mimba, kujifungua, hata kwa upasuaji, na matunzo ya mtoto mchanga hadi siku 28. Si kila kituo kimo ndani yake. Kwa hiyo uliza mapema, mimba ikiwa bado changa, si usiku wa uchungu: kituo hiki kimo katika mpango? Nitalipa nini na sitalipa nini? Waombe wakuonyeshe bei zilizobandikwa ukutani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama akutane na wahudumu mara 8 wakati wa mimba, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Wengi wetu tunaanza mwezi wa sita, tukiogopa gharama. Ile hofu ya gharama ndiyo inayofanya matatizo yaonekane yakiwa yameshakua.

Mitueli ya afya na MUSO ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa vinaweza kusaidiana.

Mitueli ya afya ni chama ambacho familia nzima inaandikishwa, inatoa mchango wa mwaka, na mtu akiugua anatibiwa katika vituo vilivyokubaliana na mitueli. Yeye analipa sehemu ndogo tu. Tangu sheria ya 8 Februari 2017, mitueli zina msingi wao wa kisheria nchini. Mambo matatu watu huyasahau: huandikishi mgonjwa peke yake, unaandikisha nyumba yote, kuna muda wa kungoja kabla haki haijaanza, na ukienda kituo kisicho na mkataba, utalipa yote mwenyewe. Katika mafunzo tunapitia karatasi ya mkataba mstari kwa mstari, kwa sababu mtu aliyekasirishwa na mitueli mwaka wa kwanza harudi tena.

MUSO ni kikundi cha majirani wanaojuana. Kina masanduku matatu: la kijani ni la akiba na mikopo, jekundu ni la ugonjwa, msiba na dharura nyingine, la buluu ni la pesa zinazotoka nje. Faida ya sanduku jekundu ni kwamba linafunguliwa usiku huo huo, bila kwenda benki. Februari 2025, vita vilipofika mjini na mabenki yakafunga milango, tofauti hiyo ilionekana wazi.

Pendekezo letu: MUSO iweke katika kanuni zake kwamba mchango wa mitueli wa wanachama unatolewa kidogo kidogo kila wiki. Pesa ya mara moja ni mlima kwa familia nyingi, lakini ya kila wiki inawezekana.

Mama wa jirani amezuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni. Mnaweza kufanya nini?

Hili linatuuma kuliko yote. Tumemkuta mama aliyejifungua kwa upasuaji, ameshapona, mtoto yuko mgongoni, amekaa kwenye veranda ya hospitali moja hapa mjini pamoja na wenzake wenye madeni, na kila siku ya kulala inaongezwa kwenye deni lile lile lililomzuia kutoka.

Fanyeni hivi. Ombeni faktura iliyoandikwa kitu kimoja kimoja, dawa kwa dawa. Ombeni kuonana na mhudumu wa jamii wa hospitali. Hospitali kubwa zina ofisi hiyo. Pendekezeni kulipa kwa awamu, kwa maandishi, na mtu wa avenyu awe shahidi. Mjulisheni rais wa CODESA, naye ampelekee mganga mkuu wa zoni. Msiende kwa kelele wala kutukana wauguzi. Wengi wao nao wanaishi kwa pesa hizo hizo za wagonjwa kwa sababu mshahara haufiki. Lakini msikae kimya.

Wanaume wanaruhusiwa?

Tunawaomba sana waje. Uamuzi wa kutoa pesa ya pikipiki usiku mara nyingi uko mkononi mwa baba, na baba asiyejua dalili za hatari husema "tungoje kuche". Mama mjamzito akitokwa na damu, akiumwa kichwa sana na kuona ukungu, akipata degedege au homa kali, hakuna kungoja. Papa, hilo ndilo somo lako.

Na watu wenye ulemavu, au wenye matatizo ya akili?

Sheria ya 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu nchini. Kwa Bukavu, mji wa milima na ngazi, haki hiyo inaanza na mahali pa mkutano: pasiwe na ngazi, pawe karibu na barabara. Ukimjua mtu asiyeweza kutoka nyumbani, tuambie, tutamfuata. Kwa mazoezi ya viungo na elimu ya watoto wenye ulemavu, mji una kituo cha Heri Kwetu, kinachojulikana na wenyeji tangu zamani.

Kwa magonjwa ya akili kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili cha hapa mjini. Usingizi uliopotea miezi mingi baada ya vita, woga wa kila mlio, mtu aliyeacha kuongea: hayo ni magonjwa yanayotibika. Kumfunga mtu kamba au kumpeleka kwa maombi ya kufunga chakula bila kumpeleka kwa mganga ni kumwongezea mateso.

Naweza kuuliza kuhusu ubakaji mbele ya watu wote?

Si lazima. Mjulishe reko mmoja unayemwamini, peke yako.

Jambo la kujua ni saa. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianze ndani ya saa 72, na mapema iwezekanavyo. Dawa ya kuzuia mimba inafanya kazi hadi siku tano, lakini kila saa inapunguza nguvu yake. Hata muda ukipita, nenda. Bado kuna matibabu, kuna msaada wa moyo, na kuna msaada wa kisheria kwa anayetaka. Hospitali ya Panzi, iliyofunguliwa mwaka 1999 na Dk. Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, inawapokea waathirika na kuwahudumia kwa njia zote hizo mahali pamoja. Wanaume na wavulana pia wanabakwa na wana haki ile ile. Kwetu hakuna atakayekuuliza ulikuwa umevaa nini.

Mpox bado mnaizungumzia?

Ndiyo. Aina mpya ya kirusi chake ilitambuliwa Kamituga, mkoani mwetu, kwa wagonjwa wa kuanzia Septemba 2023, na Agosti 2024 dunia ikatangaziwa dharura. Vipele vyenye maji, homa, tezi zilizovimba: nenda kituoni, na usishiriki kitanda, nguo wala taulo na wengine mpaka upone. Aliyepona ni mzima. Mrudishe sokoni, kanisani na mezani.

Nasoma chuoni hapa mjini, ISTM, UEA au UCB. Naweza kusaidia?

Ndiyo, kwa sharti moja: miezi miwili ya kwanza unasikiliza. Unafuatana na reko, unabeba rejista, unajifunza njia na majina ya watu. Tumewapokea wanafunzi wazuri sana kwa namna hiyo.

Tunataka mkutano kwenye avenyu yetu. Tuanzie wapi?

Kaeni kwanza watu watano au sita, wanawake wawe nusu angalau, mkubaliane jambo moja linalowasumbua. Si kumi. Mara nyingi litakuwa si ugonjwa: ni choo kinachomwagikia kwa jirani, ni mfereji ulioziba, ni daraja la miti lililochukuliwa na mvua ambalo wajawazito walilitumia kwenda kituoni. Hayo ni mambo ya afya, msione aibu kuyaleta.

Mwambieni chefu wa avenyu, kisha mwende kwa IT wa kituo chenu mkiwa na karatasi moja: jina la avenyu, nyumba ngapi, tatizo ni nini, mnaweza kutoa nini wenyewe. Sehemu ya mwisho ina uzito. Avenyu iliyoandika "tuna vijana wa kuchimba, tunakosa mabomba tu" inasikilizwa haraka kuliko iliyoandika "tunaomba msaada". Muachie nakala, mwombe aweke saini ya kupokea kwenye yenu, na mtaje siku ya kurudi kuuliza. Kisha mrudi siku hiyo kweli, hata kama ni wawili tu. Sisi tutakuja na megafoni, utepe wa kupimia watoto, na sufuria ya uji. Nyinyi tafuteni kiwanja chenye kivuli, na mwulize akina mama wa sokoni saa gani wanaweza.